Kwa Nini Machungwa ya Bondeni Huiva Yakiwa ya Kijani

Zamani, wanangu, machungwa ya huku bondeni yalipoiva yaligeuka manjano, na kila mpita njia aliyaona kutoka mbali. Tumbili nao waliyaona.

Wakati huo palikuwa na mjane aitwaye Mwanjaa. Uani kwake palikuwa na mchungwa mmoja tu, naye aliutunza kama mtoto. Aliuwekea samadi ya mbuzi, akaumwagilia jioni, na kiangazi akautandazia majani makavu chini ili udongo usikauke.

Mwanawe, Mhina, alitaka kumwoa Mwanaidi wa kijiji cha pili. Desturi ilikuwa kwamba wazee wa binti huja kwanza kula tunda lililokuzwa uani kwa mkwe. Wasipolipata, hakuna ndoa, kwani nani atamkabidhi binti yake kwa watu walioshindwa kulea mti? Mara mbili wazee walikuja, na mara mbili tumbili walikuwa wametangulia. Walikaa juu ya paa wakitafuna, huku wakimdhihaki mjane.

"Ahsante, mama! Ya mwaka huu yamezidi utamu!"

Wazee wakasema watakuja mara ya tatu, na hiyo ndiyo ya mwisho.

Machungwa yalipokaribia kuiva, Mwanjaa alitoa kanga yake ya kijani, ile aliyoivaa sikukuu tu, akaichana vipande. Kila chungwa akalifunga kipande chake.

"Mama, kanga yako nzuri hiyo!" Mhina alisikitika.

"Kanga itanizalia wajukuu? Shika ngazi vizuri."

Tumbili walipokuja, waliona kijani kitupu. "Mabichi haya," akasema mkubwa wao. "Tutarudi yakigeuka manjano."

Mvua ikanyesha siku tisa mfululizo. Siku ya kumi wazee wakafika. Mwanjaa alianza kufungua vitambaa mbele yao kwa furaha. Lakini rangi ya kanga ilikuwa imeingia kwenye maganda. Alisugua kwa maji, akasugua kwa majivu, wapi! Machungwa yote yalikuwa ya kijani kama machanga yaliyotoka kwenye maua jana.

"Mkwe," akasema Bibi Mwachande, nyanya yake Mwanaidi, "umetuita tuje kutiwa ganzi ya meno?"

Wageni wakacheka. Mhina akainamisha kichwa.

Lakini Bibi alikuwa ameshapokea chungwa moja, na mkono wake ukashuka kwa uzito. Akalibonyeza, likabonyea. Akaomba kisu. Maji matamu yakamtiririka mpaka kwenye kiwiko, naye akayalamba bila haya.

"Nipeni jingine," akasema. "Na harusi iwe Ijumaa hii hii, kabla tumbili hawajapata habari!"

Vigelegele vikapigwa mpaka kuku wakakimbia uani. Kila mgeni aliondoka na mbegu chache, akaenda kuziotesha kwake, na miti yote iliyoota ikazaa machungwa ya kijani.

Na tangu siku hiyo, machungwa ya bondeni huiva bila kubadili rangi, nasi huyachagua kwa mkono. Lililo zito, linalobonyea kidogo, hilo limeiva. Tumbili bado wanasubiri yageuke manjano.