Maana ya Mbeleko

Palikuwa na Sultani mmoja, Mwinyi Hatibu, mkono wa birika kupindukia. Hakuwahi kusema hana. Angesemaje, na maghala yamejaa? Ukimwendea kudai ada yako alikuuliza tu: "Neno hilo maana yake nini, na asili yake wapi?" Jibu lisipomridhisha, unarudi mikono mitupu.

Siku alipomwoza mwanawe wa kiume, mjomba wa bibi harusi alikwenda kudai kilemba, kama ilivyo desturi. Akahojiwa mpaka akaondoka kichwa wazi, amesahau hata kofia aliyokuja nayo.

Akabaki mama mtu, Bi Mize, mjane asiye na shamba. Binti huyo ndiye aliyekuwa msaada wake, na leo anachukuliwa. Mbeleko yake, ada ya mama wa bibi harusi, ilikuwa ng'ombe mmoja wa maziwa, na bila ng'ombe huyo angelala na njaa. Moyo ulimuuma, lakini ulimi haukumpungua makali.

"Bwana, nimefuata mbeleko yangu."

"Mbeleko ni nini?"

"Nguo niliyombebea mwanangu mgongoni."

"Basi nitakupa nguo."

"Bwana, sikuoza nguo."

"Na asili ya neno?"

"Kubeleka. Kuchukua mgongoni."

"Punda naye huchukua mgongoni. Mbona hajanidai ng'ombe?"

"Punda akifika hushushwa mzigo. Mimi nikifika nilipika nao."

Wageni wakakohoa. Sultani akaona anachekwa.

"Maneno matupu. Nionyeshe hiyo maana na hiyo asili. Nikiridhika, ng'ombe yule pale ni wako, na hawa wote mashahidi."

Bi Mize akaazima mtoto wa mke wa mpishi, kitoto kinene kilichotoka kushiba uji. Akamfunga Sultani kitoto mgongoni kwa kanga, juu ya joho la harusi, fundo kifuani. Angekataaje, na ameshasema mbele za watu?

"Sasa pokea wageni, Bwana."

Akawapokea. Kila akiinama, kitoto kilimvuta kilemba. Kikalia. Sultani akatikisa mabega, akaimba kidogo. Kikanyamaza ghafla. Sultani naye akakatisha wimbo.

"Bi Mize."

"Labeka, Bwana."

"Kuna kitu cha moto kinanishuka mgongoni."

"Naam, Bwana."

"Mpeni ng'ombe wake. Nimeridhika. Nifungue."

Bi Mize akaipokea kwanza kamba ya ng'ombe, huku kitoto kikikunja uso na kujikamua.

"Hiyo ndiyo maana, Bwana. Simama hivyo hivyo kidogo, asili iko njiani."