Jumbe Kiboko na Maji ya Majabalini

Paukwa!
— Pakawa!
Nina ngano mfukoni.
— Itoe tuione!
Ina miguu minne.
— Isije ikatukanyaga!
Basi sogeeni. Lakini msisogee sana.

Hapo kale kulikuwa na ukame. Mto ukakauka, visima vikakauka, ndimi zikakauka. Maji yalibaki mahali pamoja tu, majabalini, chini ya mwamba mkubwa. Wanyama waliweka masikio chini wakayasikia, chururu, chururu. Lakini mwamba nani atausukuma?

Nyati akasukuma. Wapi! Punda milia akasukuma. Wapi!

Akaja Kiboko, tindi, tindi, tindi. Akaweka bega. Mwamba ukabingirika, puu! Maji yakaruka, yakajaa bwawa zima.

"Huyu ndiye jumbe wetu!" wanyama wakashangilia.

Pimbi, yule mnyama mdogo asiyezidi sungura, anayekaa mapangoni, akasema, "Mh! Jamani, huyu si ndiye aliyekula shamba la mkwewe, halafu akawasingizia tumbili?"

"Hayo ni ya ukweni," akasema Nyati. "Sisi tunataka maji. Tabia yake atakula nayo nyumbani kwake."

Kiboko akatawazwa. Siku hiyohiyo akatoa amri: "Asubuhi maji yapumzike. Mchana nitayalinda mwenyewe. Jioni mtakunywa."

Jioni wanyama wakaja. Maji yamefika nusu.

"Jumbe, maji yamekwenda wapi?"

"Jua limeyanywa."

Wanyama wakasema, labda ni jua. Pimbi akasema, "Mh!"

Kesho yake jioni wakaja tena. Wakakuta matope.

"Jumbe, maji yamekwenda wapi?"

"Jua. Mwaka huu jua lina kiu."

Wanyama wakasema, labda ni jua. Pimbi akasema, "Mh! Jua gani hili lenye tumbo?" Maana tumbo la Kiboko lilikuwa limevimba, linacheza kama kiriba kilichojaa maji.

Usiku bwawa likajaa tena, na asubuhi Pimbi akapanda juu ya jabali, akajibanza, akachungulia. Akamwona jumbe katikati ya bwawa. Anakunywa, gu-gu-gu. Anaoga. Anakunywa tena, gu-gu-gu. Kumbe huko ndiko kulinda!

Akaja mama Swala. Mwanawe alikuwa ameanguka njiani, macho yamegeuka, na Nyati aliyekuwapo alinyamaza tu.

"Jumbe, nakuomba funda moja tu. Si langu, ni la mtoto."

"Amri ni amri, mama," akasema Kiboko, maji yakimtiririka kidevuni. "Nikimpa mmoja, wengine watasema nina upendeleo. Njoo jioni."

Mama Swala akageuka, akarudi kwa mwanawe, akawa anamlamba pua kwa ulimi mkavu. Pimbi akashuka.

"Jumbe, shikamoo."

"Marahaba, kijukuu. Unataka nini?"

"Nimeleta habari njema. Nyuma ya majabali, ndani ya ule ufa mwembamba, nimeona chemchemi nyingine. Maji yake baridi, matamu! Nakwenda kuwaita wenzangu."

"Ngoja!" Kiboko akatoka majini. "Umeshamwambia nani?"

"Sijamwambia mtu."

"Vizuri. Jambo kama hili lazima jumbe alikague kwanza."

"Basi tumchukue mama Swala na mwanawe. Mtoto anakufa."

"Swala ana mdomo. Usimwambie."

"Na Nyati, je? Yeye ndiye aliyekusemea uwe jumbe."

"Nyati usimwambie kabisa!"

Pimbi akamtazama sana. Kisha akasema, "Haya, jumbe. Nifuate."

Wakafika penye ufa. Kiboko akaingiza kichwa. Akaingiza mabega. "Maji yako wapi?"

"Mbele kidogo, jumbe."

Akajisukuma. Tumbo likafika kwenye mwamba, likakwama ndi! Mbele haendi, nyuma harudi.

Pimbi akakimbia bwawani, akapiga yowe, "Kweee! Kweee! Njooni mnywe!" Wanyama wakaja mbio. Mtoto wa Swala akabebwa na mama yake kwa meno, akatiwa maji mdomoni kidogokidogo, mpaka akapepesa macho, akasimama kwa miguu inayotetemeka.

Huko nyuma ikasikika sauti, "Nisaidieni! Ni mimi, jumbe wenu!"

Wakamfuata. Wakakuta makalio tu.

"Jumbe, unafanya nini humo?"

"Nawatafutia maji!"

"Mbona uliniambia nisimwambie mtu?" akauliza Pimbi.

Makalio yakatikisika tu.

Nyati akakohoa. "Lakini tukumbuke, mwamba ni yeye aliyeusukuma. Mabega kama yale tutayapata wapi?"

Mama Swala akamgeukia. "Ulinyamaza mwanangu alipoanguka, Nyati. Nyamaza na sasa."

Wakamwacha. Njaa ikampunguza, tumbo likanywea, akajinasua kinyumenyume. Akaondoka bila kuaga, akaenda kutafuta mto wa mbali.

Wanyama wakamtaka Pimbi awe jumbe. Lakini Digidigi akanyanyua kidole.

"Pimbi, ile chemchemi ya ufani ipo?"

"Haipo."

"Kwa hiyo ulidanganya."

"Nilimdanganya mwongo, nikaokoa mtoto!"

"Ni kweli, na tunashukuru. Ila ulidanganya vizuri mno. Hukubabaika hata kidogo."

Wakatazamana. Wakampa cheo cha jumbe, maana mwingine hakuwepo. Lakini tangu siku ile, mnyama akinywa maji, hunywa funda, akainua kichwa, akatazama huku na huku. Watu husema anaogopa simba. Simba gani! Anataka kujua jumbe yuko wapi.

Ngano yangu imefika kizingitini, haiingii ndani. Mkiiona tamu, ilambeni. Mkiiona chungu, msinitemee mimi.

Na funzo lake ni hili: mkichagua mkubwa, pimeni mabega tu. Tabia msiiulize, ni siri yake na mkwewe. Funzo hili nimefundishwa na mkubwa mmoja, mabega mapana kweli, na aliponifundisha alikuwa anapangusa midomo.