Majembe Mawili ya Marehemu Haidari

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa milimani aliishi mwanachuoni aitwaye Maulana Idirisa, ambaye asubuhi moja alitoa hukumu nzuri mno, yenye hoja na vituo vyake, na hukumu ile ikamrukia mwenyewe kabla hajameza mate.

Maulana alikuwa mtu wa makamo, mcheshi, aliyezunguka dunia mpaka akachoka kusimulia. Alikuwa ametua katika mji ule miaka mingi nyuma, akapanda bustani ya mikomamanga kwa mbegu alizozitoa safarini, akailea kama wanawe.

Asubuhi hiyo ilikuwa ya majembe. Ilikuwa desturi yao kwamba kabla ya kufungulia maji ya chemchemi, kila nyumba isimamishe jembe lake penye kichwa cha mfereji mkuu, kisha mwenye nyumba asafishe tope katika tawi la mfereji liingialo kwake. Nyumba isiyo na jembe, au ambayo tawi lake halijasafika ifikapo magharibi, haikupewa zamu ya maji msimu huo mzima.

Sasa Haidari, jirani wa Maulana, alikuwa amefariki karibuni. Mkewe, Bi Zaitun, alikuwa ndani ya eda, hatoki, na wanawe walikuwa wadogo bado. Kiunga chake cha mboga ndicho kilichokuwa chakula chao. Watu wakamwendea Maulana: je, nyumba isiyo na mchimbaji bado ni nyumba ya mwenyeji?

Maulana akakohoa, akapapasa ndevu. Alikuwa hajaulizwa swali tamu namna hiyo tangu Ramadhani.

"Maneno yana mipaka yake," akasema. "Apitaye ni mgeni. Alalaye hapa ni mkaazi. Ama mwenyeji ni yule ambaye mji ukiwa na tope, naye ana tope miguuni. Nyumba isiyotoa jembe, hata ikiwa na paa la namna gani, ni ya mkaazi tu. Na mkaazi hana zamu."

"Maulana kanena!" wakaitikia.

Bwana Mfaume, msimamizi wa mfereji, akayapitia majembe kwa macho. "Tumesikia na tumetii. Nyumba ya Bi Zaitun haina zamu. Na ya kwako pia, Maulana."

"Yangu? Jembe langu lipo hapa kila mwaka! Lile la mpini mweupe."

"Lilikuwa likiletwa na Haidari. Akija na majembe mawili, akichimba kwake, kisha akichimba kwako. Akatukataza tusikwambie, eti wewe una shughuli za akhera." Mfaume akajizuia kucheka, akashindwa. "Mwaka jana ulimkuta kwenye tawi lako, tope kiunoni. Ukamwambia, 'Hongera, Haidari, kazi nzuri,' ukapita zako."

Kicheko kikapanda mpaka mlimani. Maulana akatafuta pa kuweka uso, hakupaona.

Mfaume akamwonea huruma. "Lakini wewe ni mtu wetu mkubwa. Tutakuhesabu mgeni, na mgeni katika mji huu huteka maji kabla ya sisi sote. Mikomamanga yako haitakauka."

Nafsi ikamnong'oneza: kubali. Wallahi, alikaribia kukubali. Kisha akasema:

"Bwana Mfaume, mgeni gani huyu ambaye hata paka wa mtaani wanaijua saa yake ya kula? Nimekula karamu zenu. Nimezika wafu wenu. Haidari mwenyewe nilimsifu kaburini, kumbe nusu ya sifa zake siijui. Nipeni jembe."

"Moja?"

"Mawili."

Akaanzia kwa Bi Zaitun. Pigo la kwanza lilipasua kanzu yake mwenyewe; la pili lilimpaka tope mpaka kwenye kope. Tawi lile lilipita chini ya ukuta wa ua, na nyuma ya ukuta ikatoka sauti ya mjane.

"Maulana, hilo ni jembe, si fimbo ya hotuba. Inama!"

"Nimeinama, Bi Zaitun. Mgongo ndio uliokataa."

Mjane akampitishia kata ya uji juu ya ukuta. Maulana akanywa, akachimba. Viganja vikatoka malengelenge, malengelenge yakapasuka. Tawi la mjane lilipong'aa, akahamia kwake, na machweo yakamkuta bado yumo topeni.

Mfaume akaja, akachungulia. "Pamebaki padogo tu. Nami jioni macho yangu si mazuri. Wewe sema tu kwamba kumekwisha."

"Hakujaisha," akasema Maulana.

"Maulana!"

"Hakujaisha, ndugu yangu. Fungulia maji, zamu yangu inipite."

Yakafunguliwa. Yakaingia kwa Bi Zaitun yakicheka, na ya Maulana yakampita.

Ndugu zangu, mwenyeji, raia, mwananchi, jirani: maneno haya ni mepesi mdomoni mwetu kwa sababu mara nyingi yupo mtu anayetubebea uzito wake, wala hatumjui. Mwenyezi Mungu atuonyeshe mtu huyo angali hai, tumshukuru. Na akitangulia, atupe nguvu ya kuliokota jembe lake.

Ama Maulana, inasemwa alikaa chini kando ya ukuta, kanzu imepasuka, akisikiliza maji yakitiririka upande wa pili na kuiwaza mikomamanga yake. Mzaha haukumwisha hata hapo.

"Bi Zaitun," akaita, "mwenyeji sikuwa, na ugeni nimeukataa kwa kinywa changu. Sasa mimi ni nani katika mji huu?"

"Jirani," akajibu mjane nyuma ya ukuta. "Lete ndoo."