Shati la Baba Mkwe

Mzee Ngassa alikuwa na mkamwana, jina lake Minza. Kwa desturi ya watu wao, mke wa mtoto hamgusi baba mkwe. Hata chai humwekea mezani akapita kando. Minza aliishika desturi hiyo miaka tisa bila kinyongo. Kazi yake ilikuwa kufagia ghala la pamba, na ukutani mwa ghala ilitundikwa mashine ya kushtua moyo uliosimama. Wakubwa waliifunika kitambaa cha kufuma isishike vumbi. Siku wafanyakazi walipofundishwa kuitumia, wengi walisinzia. Minza hakusinzia.

Msimu wa kupima pamba, mzee akaanguka mbele ya mizani. Hakuitika, hakupumua. Watu wakafanya walilozoea: huyu akammwagia ndoo ya maji, ndugu wa mzee akaung'ang'ania mkono wa mgonjwa akilia, wengine wakangoja mwenyekiti wa chama cha pamba aje kuruhusu mashine iguswe. Minza aliogopa, maana alijua watakavyomsema. Kisha hasira ikaishinda hofu. Akamtuma mmoja apige simu hospitali, mwingine alete mashine, naye akapiga magoti akaanza kumkandamiza mzee kifua. Mashine ilipofika akalichana shati la mkwewe mchana kweupe, akamfuta maji kwa khanga yake mpaka ngozi ikakauka, akabandika vibandiko viwili pale picha zilizochorwa juu yake zilipoonyesha. Wanawake wakageuza nyuso. Mashine ikatamka kwamba mgonjwa asiguswe na mtu. Yule ndugu wa mzee hakuachia mkono, alisema mwanamke huyu ana wazimu, amemvua nguo mkwewe.

"Anayempenda amwachie," Minza akasema. "Heshima nitampa akiwa hai."

Yule ndugu akaachia. Minza akaangalia pande zote, akahakikisha hakuna anayemgusa mzee, akabonyeza kitufe. Mwili ukashtuka. Hakukaa kutazama, akarudi palepale kukandamiza kifua, kwa nguvu na kwa haraka, hadi mzee akavuta pumzi.

Mwezi uliofuata wazee wa ukoo wakamwita aombe radhi kwa kumgusa mkwe. Alikwenda, akawaamkia kwa adabu, akakataa. Akawaambia angefanya tena, na angemfanyia yeyote kati yao. Wakanung'unika sana, na Mzee Ngassa alikuwa ameketi hapohapo katikati yao, anapumua.

Ndugu zangu, mtu akikata roho mbele yetu nasi tumekunja mikono, ni heshima iliyotuzuia, au ni woga?