Wakiugua Wawili

Ndugu zangu, nisikilizeni habari ya tabibu mmoja wa kituo cha afya, kule milimani wanakolima tangawizi. Alikuwa mtu mwema. Nasema hili mapema, maana tukifika mbele mtataka kumlaumu, na mimi sikuileta habari hii ili tumlaumu.

Mwaka ule homa mpya ya kifua ilikuwa imeenea dunia nzima, ikafika na kwao. Mtu anakohoa, anaishiwa pumzi, anaishiwa nguvu. Sasa kituo kile kiko bondeni, na njia ya kushukia ni mawe matupu. Mgonjwa hubebwa kwa machela. Niambieni, nani atakubali kubebwa katika njia ya namna hiyo? Anayekohoa kidogo? Huyo atakunywa chai yake ya tangawizi alale. Walioteremshwa ni wale waliokwisha kuzidiwa. Tabibu aliwapokea, akahangaika nao, na karibu nusu yao wakamfia mikononi.

Watu wakakusanyika mbele ya ofisi ya kata, kila mmoja amekaa mbali na mwenzake kwa kuogopa homa, wakamwuliza, "Daktari, huu ugonjwa unaua kiasi gani?"

Alikuwa amechoka. Asubuhi ile ile alikuwa amemfunika uso binti wa watu. Akajibu, "Wakiugua wawili, mmoja anakufa."

Je, alisema uongo? Alisema alichokiona.

Neno lile likapanda mlima kabla yeye hajarudi wodini. Huko juu alikuwepo mpasua mbao mmoja, ana mke na watoto wadogo. Mke akaanza kukohoa, na haikuchukua muda akashindwa kuinuka. Kaka yake yule bwana akaja, akasimama uani, mbali na mlango.

"Mdogo wangu, umesikia alivyosema daktari. Wawili, mmoja. Toa watoto."

"Na mama yao?"

"Mama yao yuko mikononi mwa Mungu."

Mnaona tunavyompa Mungu kazi tunayoikimbia sisi?

Yule bwana alimpenda mkewe, msidhani vingine. Alichota maji ndoo nzima, akapika uji akautia kwenye chupa ya chai. Akaviweka ndani, pale pale mlangoni, kwa kuwa aliogopa kusogea zaidi. Mkewe akamwita kutoka kitandani, sauti imekauka.

"Baba Mbazi, sogeza hapa karibu."

"Utavifikia tu, mama. Nitarudi kukuona."

Akachukua watoto, akavuka bonde kwenda kwa kaka yake. Majirani nao wakawa wanapita njia ya nyuma.

Huku chini, tabibu alikuwa ameanza kusumbuliwa na jambo moja. Kila anayeletwa analetwa amezidiwa. Mbona hakuna hata mmoja anayekuja na homa ndogo? Hivi huko juu hakuna wanaougua wakapona? Akavaa barakoa, akaupanda mlima mwenyewe, akaenda nyumba kwa nyumba.

Akamkuta bibi mmoja anapalilia. Akamwuliza hali. Bibi akasema, "Mimi? Niliugua, mwanangu, tena sana. Mkwe wangu akanikalia, akaninywesha uji, nikapona." Nyumba iliyofuata waliugua wote, wakanyamaza wasije wakatengwa. Na iliyofuata hivyo hivyo. Kumbe waliougua walikuwa wengi kuliko alivyowahi kufikiri, na karibu wote wako hai, wanachimba tangawizi yao. Wapo waliokufa majumbani, nao hakuwa na habari zao, lakini hata alipowajumlisha hao, ugonjwa ule haukuwa ukiua nusu, wala hata karibu na nusu. Tabibu alisimama njiani, akashusha pumzi, akacheka peke yake.

Kisha akafika kwa mpasua mbao.

Mlango ulikuwa umerudishwa. Ndani, ndoo ilikuwa imejaa maji, uji haujaguswa. Yule mama alikuwa amelala sakafuni, baina ya kitanda na mlango. Alikuwa amekufa.

Akaagiza mumewe aitwe. Tabibu akamwambia kwa upole, "Bwana, mbona alibaki peke yake? Wengi wanapona hii homa wakiwa na mtu wa kuwahudumia."

Yule bwana akamtazama. "Daktari, ulisema wakiugua wawili, mmoja anakufa. Nikaona ni heri watoto wabakiwe na mzazi mmoja."

"Nilikuwa nasema wale wanaoletwa kwangu."

"Hukusema wanaoletwa kwako. Ulisema wanaougua."

 Na tabibu alipopeleka taarifa ya waliokufa kwa homa, ilibidi na yule mama amtie humo. Mnaliona jambo lenyewe? Neno liliwatia watu hofu, hofu ikawafanya wamwache mgonjwa, mgonjwa akafa, na kifo chake kikageuka ushahidi kwamba neno lile ni kweli.

Sasa msitoke hapa mkasema mchungaji amesema homa si kitu. Homa iliua watu, na anayeidharau anaua vilevile. Nasema habari yetu sisi. Mzee wa kusuluhisha ndoa haletewi ndoa yenye amani, basi anatangaza kwamba ndoa za siku hizi zimekufa. Mgambo anakutana na vijana wezi tu, basi anasema vijana wote wameharibika. Ndugu, sema ulichoona, lakini useme pia ulikuwa umesimama wapi ulipokiona.

Na hata kama ingekuwa nusu kweli, je, hesabu ya wengi inaweza kukuambia habari ya huyu mmoja aliyelala mbele yako? Nani alimwambia yule bwana kwamba atakayekufa ni mkewe? Hakuna. Alijijibu mwenyewe, kisha akaondoka.

Nasi tunaye mtu wa namna hiyo hapa hapa mtaani. Mlevi yule. Binti yule aliyerudi kwao na mimba. Mgonjwa yule tunayemtaja kwa sauti ya chini. Tumekwisha kumweka upande wa wafu, naye yu hai, anatusikia tukipita nyuma ya nyumba yake. Ibada ikiisha leo tusisimame uwanjani kuzungumza habari zake. Twende kwake, tubishe hodi, na akiitikia tuingie mpaka kitandani.