Moyo wa Ukoka Ulipozama Topeni

Naomba radhi mapema, wasomaji wangu. Kisa hiki akikisimulia shangazi yangu Mwanakheri, watu hulia. Nikikisimulia mimi, watu huuliza chakula kitaiva saa ngapi. Basi vumilieni, na atakayesinzia asikorome.

Hapo kale kila unyasi uliweka moyo wake juu kabisa, kwenye ncha, kama mtu anayetembea na yai kichwani. Mnyama akiikata ile ncha, basi, unyasi mzima unakauka hadi mizizini. Kwa hiyo nyasi ziliwachukia wanyama, na kila moja ikajilinda ijuavyo. Mabingobingo alirefuka kumpita nyati, akanoa kingo za majani yake zikawa nyembe. Mwingine, ambaye kila kijiji kina jina lake na mimi nitamwita Sindano, alizitia mbegu zake ncha kali na vinyweleo vya kung'ang'ania. Ukoka peke yake, mfupi na laini, hakuwa na silaha. Alijilaza kando ya kidimbwi, akiomba asionekane.

Mwaka mmoja mvua iligoma. Wanyama walikata ncha za uwanda mzima, uwanda ukageuka vumbi, wakahama. Alibaki Pundamilia mmoja, aliyekuwa amezaa juzijuzi. Miguu ya mtoto ilikuwa bado inagombana yenyewe kwa yenyewe, safari asingeiweza. Na maziwa ya mama yalikuwa yanakatika.

Alimwendea Mabingobingo, akachanwa mdomo. Alimwendea Sindano, akachomwa pua. Ndipo akafika kwa Ukoka.

"Hujambo, dada?"

"Kwa sasa sijambo," Ukoka alijibu, "ila nayaona meno yako, sijui baadaye."

"Mwanangu hana cha kunyonya."

"Pole, mama. Lakini nami moyo ninao mmoja. Ukiung'ata, ndiyo kwaheri yangu."

Pundamilia akameza mate, akakataa kumla. Akaamua kuaga. Sasa, pundamilia wana desturi yao: wakimuaga wanayemheshimu, hupiga kwato chini. Naye kwa uchungu alipiga bila kuangalia, kwato likatua juu ya Ukoka, likauzamisha moyo wake kwenye tope la mwisho la kile kidimbwi.

"Umeniua!" Ukoka alipiga kelele. "Meno nimeyakwepa, nakufa kwa heshima!"

"Nisamehe, dada, sikukusudia!"

"Basi nile. Nimeshakufa, majani ya nini tena? Hayo ndiyo matanga yangu. Kamnyonyeshe mtoto."

Pundamilia alikula huku analia, machozi na mate pamoja, kama tufanyavyo wengi wetu matangani, isipokuwa yeye hakuuliza kama kuna nyama. Maziwa yakashuka, mtoto akanyonya mpaka akalala. Mama hakuwa na kitu cha kushukuria, akaacha pale zawadi pekee aliyokuwa nayo. Msinicheke: samadi.

Kulipopambazuka, Pundamilia alikuta machipukizi ya kijani yametoka kila kifundo.

"Dada! Wewe si ulikufa?"

"Nilidhani hivyo, na nilijililia vizuri sana," alisema Ukoka. "Kumbe huku chini moyo haufikiwi na meno, na hiyo samadi yako ni tamu ajabu. Ng'ata tena, mama. Ng'ata tuone."

Aling'ata, Ukoka akaota tena. Mtoto wa Pundamilia akaishi.

Ukoka hakukaa na habari hiyo peke yake. Alitambaa kifundo kwa kifundo, akizipasha habari nyasi nyingine: shusheni mioyo yenu. Mabingobingo alicheka sana. "Mimi niiname, na urefu huu?" Lakini siku hiyohiyo aliinama, akijifanya anafunga kamba za viatu, akaushusha wake. Sindano naye akaushusha, kimyakimya.

Na tangu siku hiyo unyasi hukatwa juu ukaota kutoka chini, na Ukoka hajaacha kutambaa. Pundamilia hutangulia, hula mashina marefu. Nyumbu humfuata akapata majani, na swala akakuta machipukizi laini. Mabingobingo huwaficha watoto wa swala, humpa mnana nyuzi za kufumia kiota. Sindano hubebwa bure kwenye manyoya hadi nchi za mbali, na mbegu zinazodondoka ni riziki ya kwale na kanga. Wote hurudisha samadi. Na tazama vizuri: hakuna anayekula nyasi hizo bila kuinamisha kichwa. Hiyo ndiyo asante yao, nami nawaitikia kwa niaba ya nyasi.

Kwa hiyo ukiona ukoka umekufa kabisa, usiyasingizie meno ya mnyama. Uani kwetu pana kipara kikubwa, na mke wangu Tausi kila siku anamfokea mbuzi wa jirani. Mbuzi wa watu hana kosa. Ni mimi nilipita na jembe, nikijisifu kwamba nafanya usafi.