Bibi Lugha na Kitanda cha Mtoto

Paukwa!

Pakawa.

Mbona mnajibu kama mmeshiba? Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na kisiwa.

Cha nini?

Cha mvua, ukungu na kondoo. Kaeni vizuri basi.

Hapo kale, katika kisiwa hicho cha Waingereza, aliishi Bibi Lugha. Hakuota pale kama uyoga. Alikuja kwa mashua na wapiganaji kutoka ng'ambo, akakaa, akapazoea. Alikuwa na nguo moja tu, na desturi moja: kila mgeni amwachie kitambaa, na kila kitambaa ni neno. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Wakaja mapadri na vitabu. Wakasema, "Sisi ni wakubwa."

Bibi akasema, "Karibuni. Mmebeba nini?" Wakamwachia shule na mshumaa. Akashona kwenye nguo yake.

Wakaja watu wa kaskazini na mashoka. Wakachoma nyumba, wakasema, "Sisi ni wakubwa."

Bibi akasema, "Karibuni. Mmebeba nini?" Wakamwachia yai, kisu, hata anga. Akashona.

Wakaja mabwana wa farasi. Bwana Fulko akasema, "Mimi ni mkubwa."

"Karibu. Umebeba nini?"

"Nimebeba amri. Nyumbani mwangu tutasema kwa lugha ya kwetu. Atakayesema kwa lugha yako, nje!"

Bibi akafukuzwa, akahamia zizini. Akakonda, akakohoa, akaanza kuyasahau maneno yake mwenyewe. Akamwambia ng'ombe, "Rafiki yangu, mimi nakufa."

Ng'ombe akamjibu, "Hufi. Mabwana wananila tu, hawanichungi. Anayenichunga atasema nami kwa lugha gani?"

Aliyemchunga ni Elfrida, mama mwenye mtoto wa kunyonya. Siku zile mke wa Fulko alijifungua mtoto wa kiume, Gilberti, na maziwa hayakutoka. Elfrida akaitwa awe yaya. Fulko akamwonya, "Nyonyesha, ila ufunge mdomo."

Gilberti akalia. Mama yake akamwimbia wimbo wa ng'ambo, akalia. Padri akamwombea kwa Kilatini, akalia. Elfrida akampa ziwa kimya kimya. Mtoto akalikataa, akalia mpaka sauti ikakauka. Jamani, yaya gani asiye na wimbo?

Elfrida akamwonea mtoto huruma zaidi ya alivyomwogopa Fulko. Akaimba kwa lugha ya zizini:

Nyamaza, kipenzi, ng'ombe karudi,
nyamaza, kipenzi, mvua imepita,
nyamaza, kipenzi, mimi nipo.

Mtoto akanyonya, akalala. Fulko akasimama mlangoni, mkono kwenye upanga. "Nani kamwingiza yule Bibi Lugha nyumbani mwangu?"

Mkewe akamwambia, "Bwana, mwache. Mtoto kalala."

Fulko akafikiri kidogo, akacheka. "Haya. Akae kwenye kitanda cha mtoto. Asivuke hapo."

Mnacheka nini? Wakubwa wote ndivyo walivyo: hulinda lango kwa mikuki, wakamsahau yaya aliye ndani na mtoto.

Gilberti akatambaa, akasimama, akakimbia, na Bibi Lugha nyuma yake. Bibi akavuka kizingiti, akaingia jikoni, akaketi ukumbini. Alipopita aliokota vitambaa vya Fulko: mahakama, karamu, haki. Akashona, akanenepa.

Fulko akazeeka, akaugua, akashindwa kuinuka kitandani. Akamwita Gilberti, akasema kwa lugha ya kwao, "Mwanangu, niage."

Gilberti akamshika mkono. Lugha ya baba aliijua, ya kuagizia farasi na divai. Ya kumuagia mzazi hakufundishwa. Akafungua kinywa, na yakatoka maneno ya Elfrida. Fulko hakuelewa hata moja, kwa kuwa miaka yote hakujali kujifunza.

Akamgeukia yaya ambaye yeye mwenyewe alimfunga mdomo. "Amesema nini?"

Elfrida akampangusa jasho. "Amesema, 'Nyamaza, baba, mimi nipo.'"

Fulko akalia, akafa. Gilberti akakaa kitini pa baba yake, na amri yake ya kwanza akaitoa kwa lugha ya zizini.

Ndiyo maana wahenga wakasema: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Anayetaka kuua lugha aanze na mama, na kina mama hawamaliziki.

Nanyi msimcheke bibi wa watu kwa viraka vyake. Hiyo meza mnayolia chakula, jina lake si tulipewa na Mreno? Yeye kaenda zake, meza tunayo.

Ngano yangu naitua hapa, na aliyesinzia atamuuliza ng'ombe.